Maneno Yangu Ukutani

Nilijua ni maneno yangu kabla sijafika mwisho wa mstari.

Yalikuwa yameandikwa kwa rangi nyeupe chini ya picha ya mwanamke aliyeketi sakafuni, ametupa mgongo sisi watazamaji. *Alinipiga kwa adabu. Kwanza alifunga dirisha.* Sentensi mbili tu. Nilikuwa nimeziandika mwenyewe kwa kalamu ya buluu, nimekaa jikoni kwetu Makina juu ya debe, mlango nimeufunga kwa komeo. Nilizifuta mara tatu nikaziandika tena. Sasa zilikuwa zinaning'inia katika ukumbi wa kanisa, karibu na kituo cha Kawangware 46, saa nane mchana, na watu wasionijua walikuwa wakizisoma huku wanakunywa soda.

Mikono yangu ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimebeba sinia sita za kusuka, zile za rangi rangi ambazo wanawake wetu wa Kinubi hufunikia chakula, kazi ya Shangazi Mabrouka. Sinia hizo ndizo zilizonipatia ruhusa ya kutoka nyumbani. Mwanamke aliyeachwa na mume, akarudi kukaa kwa baba yake akiwa na miaka ishirini na minne, haendi Kawangware hivi hivi. Nilimwambia Baba kuna maonyesho ya kazi za mikono na Shangazi amealikwa. Huo haukuwa uongo. Nilichoficha ni kwamba mwaliko ulitoka kwa Osewe, na kwamba kwa miezi minane Osewe alikuwa ndiye sababu ya mimi kucheka peke yangu nikiosha vyombo.

"Kuna kitu nataka uone," alikuwa ameniambia. "Ukikiona utalia."

Sikulia. Nikatazama ukuta mzima. Picha tano. Ya pili ilikuwa na masanduku mawili na mwanamke aliyekunjwa kama nguo. Ya tatu, mkono uliovimba. Ya nne, teksi mlangoni. Ya tano sikuweza kuitazama. Na chini ya kila moja, mimi. Sentensi zangu, mpangilio wangu, hata nukta zangu.

Kando ya mlango kulikuwa na kadi: *Picha na maneno: Osewe, Gatina.*

Huyu Osewe nilimjua siku alipokuja kuandika jina la bucha lililo mkabala na kwetu. Kazi yake ni mabango. Alikuwa juu ya ngazi, mimi niko barazani na daftari langu.

"Niaje, siste. Unaandika nini?" aliniuliza kutoka huko juu.

"Uongo," nikamjibu.

Akatazama alichokuwa amekwisha kuandika ukutani, *Nyama Safi Kila Siku*, akacheka mpaka ngazi ikatikisika. "Basi sisi ni wa kazi moja."

Hivyo tu. Sijui watu wengine hupendaje. Mimi nilipenda kwa sababu mwanamume alicheka bila kumcheka mtu. Khalid wa Eastleigh, aliyekuwa mume wangu, hakuwahi kucheka namna hiyo. Na baada ya miezi saba ya kukutana soko la Toi kwa muuza vitabu vikuukuu, nikampa Osewe daftari ambalo hata Shangazi hakujua kama lipo.

Pale ukumbini niliwaona wakija upande wangu, Osewe na mwanamke mmoja wa makamo, mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Baadaye nilikuja kujua anaitwa Mumbi na ana jarida dogo la hadithi na mashairi. Osewe hakuwa ameniona. Nilikuwa nyuma ya nguzo.

"Picha ni nzuri," Mumbi alimwambia. "Lakini nikuambie ukweli, ni haya maneno yaliyonisimamisha. 'Kwanza alifunga dirisha.' Kijana, umelitoa wapi hilo?"

Nikangoja. Mungu wangu ananijua, nilingoja. Nilisema moyoni: sasa atasema. Sasa atasema si yangu, mama, yana mwenyewe.

Osewe aliinamisha kichwa, akatabasamu ile tabasamu yake ya upande mmoja ambayo mimi nilidhani ni yangu peke yangu.

"Asante sana," akasema.

"Wewe ni mwandishi. Unajua hilo?"

"Najaribu tu, madam."

Sinia ya juu iliniponyoka. Ilianguka kwenye simenti bila kelele kubwa, lakini akageuka, na macho yetu yakakutana. Nikamwona anavyobadilika. Kwanza furaha, kwamba nimekuja. Halafu akajua nimesikia.

"Hanan," akasema.

Sikumjibu, kwa sababu wakati huo huo Shangazi, niliyekuja naye, alinivuta kiwiko. Alinipeleka mpaka mbele ya picha ya tano. Shangazi Mabrouka ni dada mkubwa wa Baba, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mpana wa mabega, aliyejifunga gurbaba yake ya sherehe, shuka letu la Kinubi. Alisoma chuo cha Kurani akiwa mtoto, lakini herufi za kizungu hakuzijua.

"Hii picha inanisumbua," aliniambia. "Huyu mwanamke ameshika nini? Ni mtoto?"

"Ni kitambaa, Shangazi."

"Kitambaa hakishikwi hivyo. Hebu nisomee hapo chini wamesema nini."

Nilimtazama Osewe. Alitikisa kichwa taratibu, kama anayeniomba nisifanye hivyo. Ananiomba! Alikuwa ameyaweka mbele ya Kawangware nzima, na sasa alitaka niyafiche kwa mtu mmoja wa damu yangu. Hapo hasira yangu ikapata miguu.

Nikaweka sinia chini.

"Yanasema," nikaanza, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, "*Mtoto alitoka kabla ya siku zake, siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Hakuna aliyempa jina.*"

"Masikini," alisema Shangazi. "Imeisha?"

"Hapo ukutani imeisha. Lakini mwenyewe hakuishia hapo."

Watu wawili watatu waligeuka. Mumbi alivua miwani. Mimi sikuwa nahitaji daftari. Mtu husahau aliyoyasoma, hasahau aliyoyaandika.

"*Hakuna aliyempa jina,*" nikarudia. "*Nilimpa mimi, kabla hawajaja kumchukua. Nilimwita Mabrouka, jina la shangazi yangu, kwa sababu katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliyeniuliza kama nimekula.*"

Mtu alizima redio iliyokuwa ikicheza kwenye meza ya soda. Shangazi alinitazama usoni, halafu akatazama ile picha, halafu mimi tena.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Ulisema ulianguka bafuni."

"Nilisema nilivyoambiwa niseme."

Sikumbuki nani aliyeanza kulia mle ndani, ila hakuwa Shangazi. Yeye aliinua mkono wake mzito, akaipapasa ile picha mahali penye kitambaa, mara moja tu. Kisha akageuka kumtazama Osewe, ambaye alikuwa amesogea mpaka karibu yetu na rangi yote imemtoka usoni.

"Wewe ndiye umechora?"

"Ndiyo, mama."

"Na umejuaje mambo ya nyumba yetu?"

"Aliniandikia. Yaani... alinipa nisome."

"Akakupa uandike hapa?"

Osewe alitazama ile kadi kando ya mlango.

"Nimekuuliza, kijana. Alikupa uandike?"

"Hapana, mama."

Mumbi alivuta pumzi kwa nguvu. "Basi hayo maneno ni ya huyu binti?" Osewe alitikisa kichwa kukubali. Mumbi alimtazama tu, namna mwalimu anavyomtazama mwanafunzi wake kipenzi aliyenaswa akinakili, akaenda kuketi mbali.

"Itoe hiyo picha ukutani," Shangazi aliamuru.

"Mama, nitazitoa zote, hata sasa hivi—"

"Nimesema hiyo. Uibebe. Tunakwenda Makina kwa baba yake."

"Shangazi!" nikashtuka. "Baba yuko barazani na wazee."

"Ndiyo vizuri. Siku wanakuoza walikuwa barazani na wazee."

Kituoni kulikuwa na gari linaloita abiria. Shangazi alilipita kama halipo. "Tukipanda gari hasira yangu itapoa," alisema. "Tutembee."

Basi tukatembea, watu watatu wenye hasira, tukiifuata Naivasha Road kuelekea Dagoretti Corner. Shangazi mbele, hasimamishi gari wala hageuki. Nyuma yake mimi na sinia zangu. Kando yangu Osewe, picha ameibeba kichwani kama ubao wa mkate, mfuko wake wa brashi ukimgonga kiunoni. Watu walisimama kutazama. Muuza mahindi mmoja aliita, "Fundi, hiyo ni ya kuuza?" na Osewe akajibu "Hapana" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Hanan, nisikize basi."

"Nimekusikiza miezi minane."

"Sikutaka kukuumiza. Nilisoma hilo daftari, nikashindwa kula siku mbili. Mkono wenyewe ukaanza kuchora."

"Mkono wako ulichora. Haya. Nani aliandika?"

Akaongeza mwendo; nikamfikia.

"Siku nakupa daftari nilikuambia nini?"

"Ulisema hakuna mtu mwingine ameona."

"Ukanijibu nini?"

"Nilisema... nilisema mimi ni kaburi."

"Kaburi gani hili lenye soda na redio, Osewe?"

Aliinama kidogo chini ya mzigo. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, likipita pale nyuma ya sikio ambapo daima kuna tone la rangi analosahau kuosha. Siku nyingine ningelifuta kwa ncha ya mtandio wangu. Nilichukia kwamba hata sasa mkono ulitaka kufanya hivyo. Nikazikumbatia zile sinia kwa nguvu zaidi.

"Mimi nilimchora mamangu," alisema. "Unajua hiyo picha. Filister wa Gatina, vitu vyake vimetupwa nje siku tulipofukuzwa nyumba, na mimi nimeshika sufuria. Watu waliiona wakaniambia wamepona kidogo. Nilidhani na yako itakuwa hivyo."

"Ulimchora mama yako. Wewe ulikuwepo. Ni sufuria yako. Eastleigh hukuwepo! Pale hapakuwa na mtu ila mimi na yeye na dirisha. Hiyo ndiyo mali pekee niliyotoka nayo kwa Khalid, na wewe umeichukua ukaipigia msumari."

"Ningekuuliza ungekubali?"

"Ningekataa."

"Unaona sasa?"

"Ndiyo maana ya kuulizwa, Osewe! Mtu anaulizwa ili aweze kukataa!"

Nilikuwa napiga kelele. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo alimwita mwenzake aje asikilize. Shangazi, huko mbele, hakugeuka, ila nilimwona akipunguza mwendo.

Tulipofika Ngong Road ndipo nikamuuliza lile lililokuwa likiniuma kuliko mengine.

"Na yule mama alipokusifu?"

Aliisawazisha picha kichwani.

"Nimeandika miaka tisa," alisema. "'Kinyozi.' 'Hoteli.' 'Usikojoe Hapa.' Hakuna mtu amewahi kusimama mbele ya kitu nimeandika akaniambia naandika vizuri. Wakiongea na mimi ni 'fundi, umemaliza?' Leo mtu akaniita mwandishi. Nilijua si mimi. Niliskia tamu tu. Ile sekunde moja."

"Hiyo sekunde ilikuwa yangu."

"Najua."

"Mimi nimeitwa mengi. Nimeitwa tasa, nimeitwa mkaidi, nimeitwa aliyerudishwa. Mtu wa kwanza duniani kuniita mwandishi, na akakuita wewe."

Akasimama kabisa. Macho yakamjaa maji, na mikono yote miwili iko juu imeshika picha, hawezi hata kujifuta. Nami sikumfuta.

"Tembeeni!" Shangazi alifoka.

Baba alikuwa barazani kama nilivyosema, na wazee wawili, kikombe cha kahawa mkononi. Sala ya alasiri ilikuwa imekwisha. Mzee Fadlalla ni mtu wa heshima hapa Makina. Ana vyumba tisa vya kupangisha, hapigi mtu kelele, na watu huja kwake kuamuliwa ugomvi. Alipotuona alitabasamu, halafu tabasamu ikasita.

"Salaam aleikum," alisema. "Dada, mbona mnahema? Na huyu kijana mwenye ubao kichwani ni nani?"

"Vaa miwani, Fadlalla," alisema Shangazi.

"Hata salamu hujaitikia—"

"Vaa miwani, nimekuambia."

Alivaa. Osewe aliitua picha akaiegemeza kwenye nguzo ya baraza. Baba akainama, akasoma kwa sauti, polepole, namna anavyosoma barua za serikali. Alipofika kwenye neno Ijumaa sauti ilipungua. Alipofika mwisho haikuwepo.

"Hii ni hadithi?" aliuliza.

"Ni Eastleigh, Baba," nikasema.

"Uliniambia ulianguka."

"Nilikuambia mbele ya Khalid, naye ameshika kiwiko changu. Lakini kabla ya hapo nilikuja peke yangu. Mara ya kwanza nilikuonyesha mkono. Ulisema mfupa uliovunjika huunga, ndoa ikivunjika haiungi. Mara ya pili nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilikuomba nilale usiku mmoja tu. Wewe ukaita teksi inirudishe kwake."

Mzee mmoja alikohoa, akatazama ndani ya kikombe chake.

"Hanan, si mbele ya watu," alisema Baba.

"Nilikuambia bila watu. Haikunisaidia."

"Sikujua alikuwa anakupiga hivyo!"

"Ulijua anapiga. Hukutaka kujua vipi."

"Baba yake na mimi tulikula sahani moja toka utotoni. Ningemwambia nini? Unataka kuiaibisha nyumba hii—"

"Aibu ilikuja na ile teksi, Fadlalla," Shangazi alikata. "Binti yako alimpa mtoto wake jina langu, na mimi sikujua nina mtoto. Miaka minne! Nimekaa na huyu msichana nikimfundisha kusuka sinia, nikimwambia asahau, na sikujua hata anasahau nini!"

Hapo ndipo Shangazi alipolia. Alilia amesimama, bila kujifunika uso, na Baba hakuwa na pa kuweka macho. Nadhani ndiyo sababu aliyageuzia kwa Osewe. Alinyanyuka kitini.

"Na wewe ni nani? Nani amekupa ruhusa ya kuichukua huzuni ya binti yangu ukaitundika? Ni nani kwako huyu, Hanan?"

Nilikuwa nimelijibu swali hilo kichwani mara mia, katika ndoto zangu za mchana, na majibu yote yalikuwa mazuri.

"Asubuhi ningekuambia ndiye mtu ninayempenda," nikasema. "Sasa hivi ni mtu aliyeniibia."

Osewe alifumba macho kama aliyepigwa. Kisha akapiga goti moja mbele ya Baba, jambo ambalo sikuwahi kuona kijana wa rika lake akilifanya hapa kwetu.

"Mzee, jina langu ni Osewe, naishi Gatina. Sina la kujitetea. Nimekosea yeye, nimekosea nyumba yako. Hii picha nitaichoma hapa hapa mkiona. Na hizo zingine nne nitazichoma." Mkono wake ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni, ukatoka na kiberiti.

"Usiiguse!"

Hata mimi nilishtushwa na sauti yangu. Ng'ambo, mwenye bucha alitoka na kisu mkononi kuona kuna nini.

"Kila mtu hapa ana haraka ya kuyamaliza maneno yangu," nikasema. "Khalid aliyafungia dirisha. Baba akayapandisha teksi. Wewe ukayavaa kama koti lako, na umekamatwa nayo, sasa unataka kuyachoma! Nani amekuambia nataka yachomwe? Niliyaandika yasomwe. Nilitaka tu nisimame kando yake yakisomwa. Andika jina langu!"

"Hanan..."

"Una brashi, una rangi. Kazi yako ni kuandika majina ya watu. Andika langu."

Alifungua mfuko. Vidole vyake, ambavyo huandika herufi za futi mbili juu ya ngazi bila kuyumba, vilishindwa kufungua kikopo mpaka Shangazi akamsaidia. Akapiga magoti mbele ya picha, akachovya brashi, na chini ya sentensi ya mwisho akaandika kwa rangi nyeupe: *Maneno: Hanan*

Akasita. Brashi ilibaki hewani.

"Hanan nani?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

Nikamtazama Baba. Kila mtu alimtazama. Jina la pili lilikuwa lake, na hapakuwa na njia ya kuliandika pale bila kumweka ndani ya picha, pamoja na teksi na Ijumaa na kila kitu. Yule mzee aliyekohoa alijaribu kumsaidia rafiki yake.

"Andika hivyo hivyo, kijana. Hanan inatosha."

Baba alikuwa ameshika mgongo wa kiti. Mishipa ya mkono ilikuwa imemsimama.

"Haitoshi," alisema. "Andika Fadlalla. Karibu na mwisho ni L mbili."

Osewe akaandika. Alimalizia A ya mwisho, akaweka brashi chini.

Nilimsindikiza Osewe mpaka kwenye kona ya bucha kwa sababu alikuwa bado na daftari langu. Alilitoa kwenye mfuko wa brashi, limefungwa kwa kitambaa safi. Alinipa kwa mikono miwili.

"Jumatatu nitaenda kwa Mumbi," alisema. "Nitamwomba radhi mwenyewe. Na kadi nitaibadilisha leo."

"Kadi utaibadilisha. Kwa Mumbi nitakwenda mimi."

"Sawa."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Usifikiri kupiga magoti kumemaliza. Nikikutazama bado nakuona ukisema asante sana."

"Hata mimi najiona." Akajaribu kunitazama, akashindwa, akatazama viatu vyake. Lile tone la rangi lilikuwa bado pale nyuma ya sikio. "Hanan, kuna siku...?"

Ningependa kusema nilimwambia neno kali nikageuka. Nilikuwa nalo tayari. Lakini miezi minane ni miezi minane, na moyo si ubao wa kinyozi, huufuti kwa mafuta ya taa.

"Jumamosi ijayo," nikasema. "Saa nane. Upite mlango wa mbele, Baba akiwepo, si kwa muuza vitabu. Nina daftari la pili. Nitakusomea mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na utakaa usikilize. Usije na brashi. Usije hata na penseli."

"Na nikimaliza kusikiliza?"

"Utaniuliza kama nimekula."

Aliondoka akirudi upande wa Toi, mabega chini, na hakugeuka. Namshukuru kwa hilo, maana angegeuka angeniona nimesimama pale pale.

Niliporudi, Shangazi alikuwa ameingia ndani na nilimsikia akigonga sufuria bado na hasira. Wazee wale wawili walikuwa wameaga. Baba alikuwa amebaki peke yake barazani, kiti amekivuta karibu na picha. Nilidhani atakuwa ameigeuza ukutani. Hakuigeuza. Ilitazama njia, rangi ya jina ikiwa bado mbichi, na watu waliotoka sokoni walipita wakipunguza mwendo.

Jirani mmoja, mama wa duka la mkaa, alisimama kabisa.

"Mzee Fadlalla, hii picha kubwa imetoka wapi? Imeandikwa nini?"

Baba alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akamnyoshea.

"Soma mwenyewe," alimwambia. "Ni maneno ya binti yangu."